Kadre Niliyomtengenezea Mama Mkwe

Siku hizi sipiti tena mbele ya kile chumba cha fotokopi kilicho karibu na soko. Nazunguka nyuma, kwenye vumbi, hata jua likiwa kali na mtoto yuko mgongoni, kwa sababu tata wa pale, yule baba mwenye mashine, akiniona tu anavua kofia yake na kuibana kifuani kama mtu aliyeona jeneza linapita, na watu waliopanga mstari wanacheka mpaka wanashika ukuta. Aibu ninayo, sikatai. Lakini nimechoka kusikia mkasa wangu ukisimuliwa na wengine, kila mmoja na chumvi yake (kuna anayesema eti nilikwisha kuchimbisha na kaburi), kwa hiyo leo nausimulia mwenyewe, na anayetaka kucheka acheke, ila ajue kwamba siku ile mimi sikucheka, siku ile niliogopa, na hasira yangu haijaisha hata sasa ninapoandika.

Mume wangu, Héritier, anafanya kazi kwenye mgodi kule Fungurume, anakaa huko wiki mbili ndipo anarudi siku chache. Mimi ni Mlunda, kabila la hapa Katanga, nilizaliwa Sandoa, wazazi wangu ni wakulima. Yeye ni Mkasai wa hapa hapa Kolwezi, babu yake aliletwa zamani kufanya kazi ya shaba na hawakurudi tena. Mama yake anaitwa Ngalula, na sisi sote tunamwita Mamu, ndivyo wanavyoita mama kwao. Mamu hapigi kelele. Angepiga kelele ningemzoea. Yeye anakuangalia tu, kimya, kutoka kichwani mpaka kwenye viatu, halafu anakuuliza kama umekula. Miaka mitatu ya ndoa sikujua kama ananipenda au ananivumilia. Tena ana tansio, damu inayopanda, kwa hiyo nyumbani kwake watu wote wanatembea kama wamebeba mayai.

Siku yake ya kuzaliwa ilipokaribia tukaitwa kupanga feti ya kuisherehekea, mabinti zake na sisi tulioolewa na wanawe. Wifi yangu Bijou, dada mkubwa wa mume wangu (mwanamke anayepima watu kwa viatu vyao), akasema, "Bote tutaleta kikwembe, kila mutu na yake." Kisha akanigeukia. "Na weye, mama Gracia? Utatuletea mihogo ya Sandoa?"

Wakacheka. Kikwembe kizuri, yaani kitenge cha kuvaa, sikuwa na uwezo nacho mwezi ule, na Bijou alilijua hilo. Ningenyamaza, mambo yangeishia hapo. Lakini mdomo wangu (huu huu, mnaujua) ukajibu, "Nitaleta kitu kenye hamuyaona."

Ndiyo hiyo. Jambo dogo namna hiyo.

Nilikuwa nimeona kwenye telefone mwanamke mmoja mwenye kucha ndefu anafundisha kupamba nyumba na kutengeneza zawadi kwa vitu vya kutupwa, makatoni, chupa, nyuzi, na anasema zawadi ya mkono inaliza watu kuliko ya duka. (Kuliza, iliwaliza kweli. Siku nikimpata mwanamke yule na kucha zake!) Basi nikaamua kumtengenezea Mamu kadre ya picha, fremu kubwa ya kuweka ukutani. Nilikata katoni ya maziwa, nikabandika tabaka tatu kwa uji mzito wa unga wa mihogo mpaka ikawa ngumu kama ubao. Maua niliyatoa kwenye gunia jeupe, yale ambayo vijana wachimbaji wanabebea mawe, nililifua mara saba mpaka maji yakaacha kutoka na rangi ya kijani, nikalikata vipande vidogo na kupitisha kila kipande juu ya mshumaa hadi kingo zikajikunja kama ua la kweli. Maua arobaini na kitu! Binti yangu Gracia alikuwa na mwaka mmoja na miezi miwili, bado ananyonya, nikafanya kazi yote huku amening'inia titini na vidole vyangu vimeungua. Juu kabisa nikaweka msalaba wa shaba. Nilifungua feni yetu iliyokufa, nikatoa waya wa ndani, nikausokota ukawa ule msalaba wa Katanga wenye mikono minne iliyo sawa, maana nilijiambia Mamu ni mtu wa kanisa na Kolwezi ni shaba, basi kitu kimoja kitasema yote mawili. Nilijiona nina akili sana.

Ikabaki picha. Mamu hapendi kupigwa picha, iliyokuwapo ni ile ya kadi ya kura, uso mbele, macho yamekazwa, jino hata moja halionekani. Nikaipeleka kwa fotokopi ikuzwe. Tata wa pale aliiangalia, akaniangalia mimi na mtoto mgongoni, akasema, "Pole sana, mama."

Nikafikiri ananionea huruma juu ya jua. "Asante, tata."

"Rangi iliisha mu mashini, tutaitosha nyeusi na nyeupe. Njo muzuri zaidi, kwa heshima."

"Sawa, tata."

"Niweke na mawingu nyuma ya kichwa?"

"Weka." (Nilifikiri ni urembo!)

"Chini tuandike nini?"

Nikamwambia aandike jina lake, mwaka aliozaliwa, kistari, na mwaka huu, ili watu wahesabu wenyewe amefikisha miaka mingapi. Akaandika polepole, akapumua. "Ni siku gani?"

"Siku ya Mungu, misa ikiisha."

"Batakuya batu mingi?"

"Mingi sana, tata, hata ba Fungurume."

"Mungu akutie nguvu, mama."

Nikasema amina, nikaondoka nimefurahi.

Mtaniuliza, wewe hukuona? Nimejiuliza mwenyewe mara mia. Jibu ni hili: kadre nzuri kuliko zote nilizowahi kuziona maishani mwangu niliziona wapi? Kwenye kilio. Ukutani kwa watu walio hai hapa kwetu kuna kalenda na saa, basi, lakini mtu akifa ndipo picha yake inakuzwa, inazungushiwa maua, inawekwa mezani kati ya mishumaa, na sisi wote tunapita mbele yake tukisema kumbe alikuwa mzuri. Mkono wangu ulijifunza huko, ukaiga bila kuniomba ruhusa. Halafu nilitazama kila kitu kipande kipande, ua, waya, herufi, karibu na pua, sikurudi nyuma hatua tatu nikiangalie chote. Jirani mmoja tu alikiona kabla ya siku, akasema, "Aii, mama Gracia," akaenda zake. Nilihesabu kuwa ni sifa.

Siku yenyewe kiwanja cha Mamu kilijaa, bukari (ugali wetu), sombe ya majani ya mihogo, kuku, mamama wa koral, kwaya ya kanisa, na nguo zao za kufanana. Mume wangu hakuwapo, zamu yake ilikuwa haijaisha. Bijou na wengine wakatoa vikwembe, vigelegele vikapigwa, Mamu akashukuru kwa kutikisa kichwa. Zamu yangu ikafika. Nikaweka kadre mezani mbele yake, imefunikwa kitambaa cheupe, na (mwanamke wa kucha alisema mwanga unapendezesha) nikawasha mishumaa miwili, mmoja kushoto, mmoja kulia. Nikasema kwa sauti kubwa, watu wote wasikie, Bijou kwanza, "Mamu, hii ni kazi ya mikono yangu."

Nikavuta kitambaa.

Koral ilikuwa inaimba, ikakatika katikati ya neno. Nilisikia mafuta yakilia jikoni. Nikarudi nyuma hatua tatu ili niione pamoja nao, na hapo ndipo nilipoiona: Mamu, mweusi na mweupe, mawinguni, amezungukwa na maua, chini ya msalaba, kati ya mishumaa, na mwaka wake wa kuzaliwa na mwaka wake wa kufa. Nikarukia meza kurudisha kitambaa, nikachelewa. Tante Agnes, mdogo wake Mamu, ambaye macho yake yameanza kuzimika, hakuuliza swali lolote, aliona picha, akaweka mikono kichwani na kuanza kulia kilio chenyewe, kile cha "unatuachia nani, yaya," huku yaya mwenyewe, dada yake mkubwa, ameketi pale pembeni na sahani ya kuku magotini.

Mamu akasema neno moja. "Ni mi?"

Kisha akashika kifua, akaanguka pamoja na kiti.

"Umeua mama!" Bijou alipiga kelele ambayo naisikia hata leo. "Muloji! Batu bote bamesikia, alisema mwenyewe, ni kazi ya mikono yake!"

Na mjomba mmoja wa mume wangu akanyoosha kidole juu ya kadre. "Angalieni na musalaba! Ni ya Katanga! Balitufukuza mara ya kwanza, sasa banatutuma mbinguni."

Katika ukoo ule neno hilo si la mchezo. Baba yake Mamu alifia kwenye kituo cha treni, miaka ile Wakasai walipokuwa wanafukuzwa hapa, akingoja behewa. Mimi nilikuwa sijazaliwa. Lakini nilikuwa Mlunda peke yangu katika kiwanja kile, na macho yote yalilikumbuka jambo hilo kwa wakati mmoja.

Wakamwinua Mamu, wakamwingiza kwenye gari la jirani, mkono wake unaning'inia. Mimi nikakimbia nyuma, na Bijou akanishika kikwembe cha mgongoni, akafungua fundo, akamchukua Gracia. "Mutoto ni wetu. Hatabakia na muloji." Nikamshika mtoto mkono, Bijou akavuta huku, mimi nikavuta huku, Gracia akapiga yowe, nikaachia. Ningeendelea kuvuta, mkono wake ungetoka. Niliachia, mnasikia? Bijou akamrushia Tante Agnes mtoto, wanaume wawili wakanisukuma nje, geti likafungwa, na Bijou akaniambia kupitia dirisha la gari, taratibu kabisa, "Mama akikufa, hautamuona tena."

Hapo mambo yakawa wazi kama maji. Mamu akiishi, mtoto wangu anarudi. Mamu akifa, mtoto simwoni, na mimi mwenyewe sijui kama nitaliona jua la kesho.

Nikapanda moto, pikipiki ya abiria, mpaka hospitali. Mlinzi alikuwa amekwisha kuambiwa, akanizuia. Nikaketi chini nje, mgongo kwenye ukuta, na vijana wa mtaa wetu waliofuata kuangalia wakasimama ng'ambo ya barabara. "Njo yeye, ndiye huyu." "Alimaliza mama mukwe na foto!" Wakacheka kidogo, kisha wakaacha kucheka, na hiyo ndiyo iliyoniogopesha. Nikasikia mmoja anasema "petroli". Labda alizungumzia jenereta. Labda moto yake ilikauka tangi. Mpaka leo sijui, ila hapa kwetu tunajua yanayompata anayeitwa muloji, yaani mchawi, kabla mtu hajauliza swali la pili. Nikajaribu kumpigia mume wangu, telefone yake haipiti. Na maziwa yakaja, maana ilikuwa saa ya Gracia, blauzi ikalowa mbele, nikakunja mikono kuficha, na nilikuwa naogopa na kukasirika pamoja, nimemkasirikia Bijou, nimemkasirikia mwanamke wa kucha, tata wa fotokopi na mawingu yake, jirani na "aii" yake ambayo hakuimalizia, na mimi, mimi zaidi ya wote, mjinga aliyeungua vidole kwa maua arobaini ili aonekane na watu wasiompenda. Nikamwahidi Mungu sitashika tena mkasi, wala kadre ile sitaigusa tena. Kila mlango wa hospitali ulipofunguliwa nilikufa kidogo.

Ulipofunguliwa mara ya mwisho, jua lilikuwa linashuka. Alitoka Mamu. Kwa miguu yake! Bijou amemshika mkono, na nyuma yao muuguzi anagomba: "Mama, feti haikatazi kumeza dawa!" (Kumbe asubuhi hakumeza kidonge wala kula, kwa ajili ya komunyo, na jua la siku nzima. Huyo ndiye muloji.) Nikasimama. Mamu akafika mbele yangu, akaniangalia kutoka kichwani mpaka kwenye viatu, macho yake yakasimama kidogo kwenye blauzi iliyolowa, akapita. Hakuniuliza kama nimekula. Hilo liliniogopesha kuliko petroli.

Sasa, jambo ambalo mimi sikulijua wala wao: binti mmoja wa ukoo aliipiga kadre picha nilipoifunua, akaiweka kwenye stati ya telefone yake, watu wote waione, bila neno, na vichwa vitatu vinavyolia. Jina lipo, miaka ipo, mawingu yapo. Nani angeuliza? Bijou alikuwa amezima telefone yake kule hospitalini, na Tante Agnes alibaki nyumbani hajanyamaza hata mara moja, majirani wanamsikia juu ya ukuta.

Gari lilishindwa kuingia mtaani, watu wamejaa. Nilikuwa nyuma, kwenye moto nyingine, nikashuka. Turubai lilikuwa limefungwa kiwanjani, mikeka imetandikwa, mamama wamejifunga vitambaa viunoni, vitu vyote vya nyumba vimetolewa nje kama desturi ya kilio, na matela ya Mamu, godoro lake la kulalia, imeegemezwa ukutani. Katikati, mezani, kadre yangu. Mishumaa ilikuwa sita sasa. Koral ileile iliyokuja kwa feti ilikuwa inaimba nyimbo za wafu. Miguu yangu ilitaka kukimbia, lakini nikamsikia Gracia analia ndani.

Mamu akasimama getini, akaangalia yote. Kisha akasalimu kwa Kikasai, kama anavyosalimu kila siku: "Moyo wenu."

Neno hilo kwao ni salamu, na maana yake ni uhai. Mama mmoja aliangusha sufuria ya bukari, wengine wawili wakaruka ukuta (na ni wanene), na tata mmoja wa koral aliyefumba macho akaendelea kuimba peke yake mpaka mwenzake alipompiga kiwiko. "Muzimu!" Tante Agnes akalia. Ndipo mtu akaniona mimi nyuma. "Njo huyu! Alimuua, sasa anamurudisha!" Watu wakanikimbia, kisha wakanirudia, mkono mmoja ukashika kitambaa changu cha kichwani na kukivuta, na mimi nilijua imekwisha, hapa hapa, mtoto wangu anasikia.

"Nani alitosha matela yangu inje?"

Ni Mamu. Mikono yote ikasimama.

"Nauliza. Na mvua ikinyesha?" Akamgeukia mdogo wake. "Hapa nani anakufa? Agnes!"

"Ni weye, yaya."

"Nani alikuambia?"

Agnes akaonyesha kadre. Mamu akavuta kiti, akaketi mbele ya picha yake mwenyewe, akaiangalia muda mrefu. "Mama Gracia. Kuya."

Nikaenda, kichwa wazi.

"Ulitaka nikufe?"

"Apana, Mamu."

"Mwaka huu uliandika juu ya nini?"

"Juu ya feti, Mamu. Nilitaka batu bahesabu."

"Na musalaba?"

"Ni waya ya feni, Mamu."

"Ni ya Katanga, yaya!" mjomba akadakia.

"Na mi nilizaliwa wapi, weye?" Mamu hakugeuka hata kumtazama. "Bulaya? Nilizaliwa mu hii nyumba. Baba yangu alitosha hii shaba chini ya udongo. Musalaba unabakia." Kisha akasema, "Bijou. Mutoto."

"Mama, lakini huyu…"

"Namusikia analia tangu getini, na mama yake blauzi imelowana mbele ya batu. Mutoto."

Bijou akaingia ndani, akatoka naye. Gracia alishika titi kabla sijaketi. Nikaketi chini, kwenye mkeka wa kilio, mbele ya watu wote, nikanyonyesha, na hapo ndipo nilipolia, na sikujali nani anaona.

Mamu akaomba kisu, akakwangua mwaka wa pili mpaka karatasi ikawa nyeupe. Kistari akakiacha. Kisha akawaambia waliokuja na unga waupike, hakuna anayerudi na unga nyumbani. Walikuwa wanakula ndipo mume wangu akafika, amesimama nyuma ya lori kutoka Fungurume, analia "mamaaa!" tangu barabarani, akapita getini, akajitupa chini kwenye vumbi. Mamu alikuwa na paja la kuku mkononi. "Héritier, simama. Unachafua shati."

Watu walipoanza kuondoka, akaniita pembeni. Kadre ilikuwa imefungwa ndani ya kimoja cha vile vikwembe vipya (cha Bijou, nilikitambua). "Foto ni muzuri," akasema. "Sikujua niko muzuri hivi. Itakaa juu ya kabati. Siku yangu ikifika, batu basitafute ingine."

"Ndiyo, Mamu."

"Na mwaka, utaandika weye. Si Bijou. Weye njo uko na mukono muzuri."

Nikamhamisha Gracia bega la pili.

"Umekula?" akaniuliza.

Basi nawaambia, ninyi mlioolewa: mama mkwe apewe kikwembe, kopa ukinunue, uma meno, nyamaza mbele ya mawifi. Mkasi wangu nimeugawa. Bijou hajaomba msamaha nami sijamsamehe, tunasalimiana kwa nyusi. Lakini ahadi niliyompa Mungu pale ukutani siwezi kuishika yote, kwa maana kadre iko juu ya kabati, kistari kinangoja mkono wangu, na kila telefone ikilia nikaona jina la Bijou moyo wangu unaruka kabla sijaipokea. Nyumbani kwangu hakuna tena kalamu nyeusi. Nimezitupa zote. Gracia akianza shule, ataandika na ya bluu.